Kuichezea Rafu Sukari: Mwongozo kwa Wavivu na Wenye Maringo

Umepimwa, umeambiwa una sukari. Mkononi una karatasi ndefu: usile hiki, usinywe kile, fanya mazoezi, punguza uzito, acha mawazo. Umeikunja ukaiweka kwenye pochi, na moyoni umeshaamua kwamba karatasi ile kaandikiwa mtu mwingine, mwenye nidhamu ya jeshini na mpishi wake mwenyewe.

Sogea hapa tuongee, ndugu yangu. Huhitaji kuwa shujaa. Kisukari cha aina ya 2 ni ugonjwa wa kukaa nao miaka, na ushujaa haukai miaka. Unakaa wiki mbili, ya tatu unakutwa kwa muuza chipsi. Kinachokaa ni ujanja. Kwa hiyo nitakufundisha kucheza rafu, zile ndogondogo ambazo refa hazioni. Zote tunaichezea sukari, sufuria, shemeji mwenye upawa na tamaa yako mwenyewe.

Rafu usiyotakiwa kuicheza

Hii unaijua. Kliniki ni Alhamisi. Kuanzia Jumanne unakula mchicha na kunywa maji. Alhamisi asubuhi unachomwa kidole, namba inasoma 6, nesi anakusifu mbele ya foleni, na jioni unajipongeza kwa biriani. Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Hakuna mtu mzima anayependa kugombezwa huku wajukuu wa wenzake wanasikiliza.

Shida ni kwamba kipo kipimo kinaitwa HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Muda wote huo sukari iliyomo kwenye damu inaigandia hemoglobini ndani ya chembe hiyo, na ikishaganda haibanduki kwa sababu ya mchicha wa siku mbili. Maabara wanasoma kiasi kilichoganda. Kwa hiyo daktari anaiona Idi, anaiona harusi ya binamu yako, anaiona na ile wiki uliyosema utaanza Jumatatu. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee au mwenye maradhi mengine daktari hulegeza kidogo.

Uongo wa vidonge ni mbaya zaidi. Umeruka dozi nusu ya mwezi, unaulizwa, unajibu, “Nakunywa kila siku, daktari.” Yeye anaangalia namba, anaona dawa haitoshi, anakuongezea. Siku ukiingiwa na hofu ukaanza kunywa zote kama zilivyoandikwa, sukari inaporomoka na unaanguka ukiwa unatimiza maagizo. Sema tu ukweli: “Nimeruka.” Utagombezwa dakika mbili, halafu utapewa dozi inayokufaa.

Rafu ya sahani

Nunua sahani ndogo. Basi, umeshaanza. Macho yetu yanataka sahani iliyojaa, hayajali ukubwa wake, na mtu anayepakua nyumbani kwako atapakua mpaka ukingoni hata ukimwomba vipi. Mpe ukingo wa karibu.

Ya pili iko kwenye mpangilio. Anza na mboga, fuata na samaki, nyama au maharage, malizia na ugali au wali. Chakula ni kilekile, ila wanga unafika tumboni ukikuta njia ina watu, nayo sukari inapanda polepole. Watafiti wa Japani na Marekani wamelipima jambo hili kwa wenye kisukari na wakaona kilele cha sukari baada ya mlo kinapungua. Kwa sisi tuliozoea kumega tonge kwanza na kuchovya baadaye, mkono utagoma siku za mwanzo. Ficha ugali chini ya hotipoti mpaka mchicha uishe.

Ukila ugali, chagua dona kuliko sembe, kwa sababu dona imebaki na pumba na kiini chake. Usinielewe vibaya: dona nayo ni wanga, na mlima wa dona ni mlima. Halafu angalia meza yako ya futari. Muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, na pembeni chapati ya kushushia. Majina matano, ukoo mmoja. Chagua mmoja awakilishe familia.

Rafu ya kikombe

Hapa ndipo mvivu anapovuna kwa jasho dogo kabisa.

Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, zaidi ya vijiko saba vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na likasema ikishuka mpaka nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Chupa moja imeshavuka, na hujala andazi. Ukiacha soda peke yake na usibadilishe kitu kingine chochote mwaka huu, umeshafanya kazi kubwa.

Juisi ya embe isikudanganye kwa sababu imetoka mtini. Glasi moja imemeza maembe kadhaa, ule uzi uzi uliokuwa unaichelewesha sukari umebaki kwenye chujio, na muuzaji akaongeza kijiko kwa upendo. Kula embe lenyewe, vipande vichache, ulitafune. Asali nayo, pamoja na heshima zake zote, kwenye damu inasomeka sukari.

Kuhusu chai, usiache sukari siku moja. Ukiacha siku moja utairudia kwa hasira. Toa nusu kijiko kila wiki, na kila unapotoa, ongeza tangawizi au iliki. Ulimi unazoea taratibu, na utafika siku ambayo chai ya mwenzako itakukera kwa utamu. Ukitaka kukaa kijiweni na watu wenye heshima zao, kunywa kahawa chungu. Pwani nzima wanaume wazima wanainywa bila chembe ya sukari, na hakuna anayewauliza wanaumwa nini. Kashata mpe jirani.

Rafu ya harusini

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapofia.

Kosa la kwanza ni kutangaza. Ukisema, “Daktari kanikataza,” umeitisha baraza. Mama mdogo atasema kidogo tu hakiui. Jirani wa meza atakuambia kuna mtu wa Tanga alipona kwa majani fulani. Mwingine atasema sukari ni ya kurogwa. Na wewe, ili baraza liishe, utakula.

Usitangaze. Jipakulie mwenyewe, na uwe wa kwanza kwenye foleni wakati kachumbari na mboga bado ni nyingi. Ukimaliza, usiirudishe sahani. Kaa nayo ikiwa na mfupa mmoja juu yake. Sahani tupu inaita upawa. Sahani yenye mfupa inasema, bado naendelea.

Keki ipokee kwa mikono miwili, ishukuru, ipigie picha. Kando yako hakosi kuwepo mtoto wa mtu.

Mama mkwe ndiye mtihani. Atakusimamia kichwani aulize, “Mwanangu, mbona huli? Au chakula changu kibaya?” Hapo hakuna hoja ya kitabibu itakayokuokoa. Mwambie hivi: “Mama, kitamu mno, nimeshindwa kukimaliza. Naomba unifungie nikale nyumbani.” Umemheshimu, umemsifu, na umemwachia ushindi. Atakufungia cha watu wanne, na nyumbani kwako watu wanne wapo.

Na ukishindwa? Umekula pilau mara mbili na soda juu. Inatokea, sote tuna siku hizo. Shindwa vizuri. Usiongeze vidonge kwa akili yako. Usilale njaa kesho yake ili kulipa deni, hasa kama unatumia glibenklamidi au insulini, kwa sababu dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Muziki ukipigwa, ingia ucheze. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapozembea. Cheza nyimbo tatu nne, jasho likutoke, watu watasema leo kachangamka. Kama una mashine nyumbani, pima, andika namba jinsi ilivyo, ukalale. Mlo unaofuata rudi kwenye sahani yako ndogo.

Rafu ya mtu asiyependa mazoezi

Hukuzaliwa kukimbia barabarani saa kumi na moja alfajiri. Sawa. Tembea dakika kumi mpaka kumi na tano baada ya kula, muda ambao sukari inapanda. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla. Simu zote za umbea zipokee ukiwa unatembea. Kwa familia nyingi ninazozijua, hizo peke yake zinafikisha zile dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazishauri.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kitambi. Kwetu kitambi kina heshima yake. Kinasema pesa ipo na mke anapika. Ukianza kupungua, mtaa unaanza kunong'ona, na unajua wanachonong'ona: “Umemwona fulani alivyokwisha? Ameukwaa.” Nimeona watu wakiacha kupungua, namba zao zikiwa nzuri, kwa kuogopa mnong'ono huo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtu anarudi kwenye ugonjwa ili majirani wamwone mzima.

Kwa hiyo wahi wewe kutoa habari. Kabla hujapungua hata kilo moja, tangaza kwamba umeanza mazoezi. Nunua raba za rangi inayopiga kelele. Na nguo zikianza kukupwaya, usizivae hivyo hata siku moja: zipeleke kwa fundi cherehani akazipunguze. Nguo inayopwaya inasema mgonjwa, nguo inayokaa mwilini inasema kijana. Ni shati lilelile na kiuno kilekile. Maringo yako, ambayo mahubiri yote yamekutaka uyaache, hapa yana kazi. Yatumie.

Ukitaka kujua ulipo bila kupanda mzani, chukua uzi. Simama wima ukutani bila viatu, mtu akupime toka kisiginoni mpaka utosini, aukate. Ukunje katikati. Zungusha ile nusu kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo na bila kuvuta pumzi. Ncha zikipishana, uko vizuri. Zisipofikiana, kuna mafuta ya ndani yanayoifanya insulini yako ifanye kazi kwa shida. Uhifadhi uzi huo kwenye droo na uurudie kila mwezi. Hausemi siri zako kwa mtu.

Na faida ipo. Utafiti wa DiRECT, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, uliwafuata watu waliokuwa na kisukari cha aina ya 2 kwa muda usiozidi miaka 6. Asilimia 46 ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walimaliza mwaka sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa ya sukari. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 kwa kila 100. Dawa waliachishwa na wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia, kwa hiyo usiache zako nyumbani kimyakimya. Lakini ukipungua hata kilo tano, mwili unashukuru.

Rafu ya vidonge

Usitegemee kumbukumbu. Weka vidonge pale ambapo mkono wako unafika kila siku bila kufikiri: kando ya mswaki, au juu ya kopo la majani ya chai. Metfomini inywe pamoja na chakula, hapo tumbo halichafuki sana. Likiendelea kuchafuka, rudi kwa daktari aangalie namna ya kupunguza au kubadilisha aina. Wengi wanaitupa dawa nzuri kwa sababu ya wiki mbili za kuharisha ambazo hawakumwambia mtu.

Wageni wakija, weka dawa kwenye kijaluba. Si lazima mtaa ujue.

Namba zikishakaa vizuri, utasikia sauti ikikuambia umepona, acha. Namba ni nzuri kwa sababu ya hivyo vidonge. Kama unatumia mlonge au majani mengine, mtajie daktari bila aibu. Yanaweza kuigusa sukari au kugombana na dawa, na hajui usipomwambia.

Mtaani wanasema kuna sukari ya kupanda na sukari ya kushuka, magonjwa mawili. Kwa mwenye kisukari, hiyo ya kushuka kwa kawaida ni dawa iliyokutana na tumbo tupu au kazi nzito. Mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unapiga, maneno yanakukwama. Ukiwa na mashine, ikisoma chini ya 4 umeshafika huko. Koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado, rudia, halafu kula chakula. Mtu aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kwa hili, acha usiri. Mtu ambaye sukari imeshuka anayumba na kuropoka, na kituoni watu watasema amelewa na kumpisha. Mwambie angalau mtu mmoja kazini na mmoja nyumbani. Mfukoni weka pipi, ya sukari kweli.

Mambo ya haraka haraka

Una insulini na huna friji? Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga, umwagilie maji asubuhi na jioni. Funga chupa ya insulini kwenye mfuko usioingiza maji, iweke ndani, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Dodoma penye hewa kavu chungu kinapoza kuliko Tanga penye unyevu, ila kote ni bora kuliko juu ya kabati chini ya bati. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida ina wiki nne. Ukiwa na friji, iweke mbali na sehemu ya kugandishia barafu. Insulini iliyoganda haifai tena.

Una presha pia, maana hawa wawili hutembea pamoja? Ipo njia halali kabisa ya kuishusha namba kabla ya kupimwa. Nenda chooni kwanza. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nyamaza, hata nesi akikuletea stori. Itakayotoka hapo ndiyo presha yako ya kweli, na ile ya kukimbilia daladala haikuhusu.

Kile kioo cha kujipodolea kitumie usiku kutazama nyayo. Sukari inapoleta ganzi, kokoto inaweza kukaa ndani ya kiatu siku nzima na usijue mpaka uone damu kwenye soksi. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, pima joto la maji kwa kiwiko, usichonge sugu kwa wembe, na kandambili zivae hata ndani.

Ramadhani ikikaribia, muone daktari wiki kadhaa kabla apange upya saa na dozi. Kujichoma kidole hakubatilishi funga, masheikh wengi wameshalisema. Mashine ikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, fungua siku hiyo. Mgonjwa ana ruhusa yake, na hiyo si rafu.

Siku ya kliniki

Vaa vizuri. Beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na yale majani. Beba daftari lenye namba zako, mbaya zikiwemo, bila kufuta. Vua viatu kabla hujaambiwa, mguu ukaguliwe. Na kabla hujaaga, uliza mara ya mwisho kupimwa macho na figo ilikuwa lini. Vyote viwili huharibika bila kuuma hata kidogo, na vyote viwili hutakiwa kuangaliwa kila mwaka. Kama mwaka umepita, usitoke mlangoni bila karatasi ya kwenda kupimwa.